Njia Isiyopoteza Mtu

Kuna watu wanaokosea kila siku ya Mungu, wakala wakashiba na kulala usingizi wa pono. Bwana Alama hakuwa mmoja wao. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amelalamikiwa mara moja tu, kwa karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, na karatasi hiyo ilimkaa kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki.

Kazi yake ilikuwa kuchora alama za njia. Njia yenyewe ilianzia nyuma ya ofisi ya misitu, ikapanda vilima vyenye miti mikubwa, ikashuka kupita vijiji viwili vya kale kandoni mwa ziwa, ikapanda tena kidogo, ikaenda kumalizikia kijiji cha tatu, penye gati. Mtu mwenye miguu yake huitembea kutwa nzima, na kesho yake huomba asaidiwe kuinuka kitini. Wageni waliipenda kwa ajili ya majumba ya mawe ya watu wa zamani. Bwana Alama aliipenda kwa sababu aliiona ni yake.

Kila mwezi aliondoka alfajiri na kopo la rangi nyeupe, brashi mbili, brashi ya waya ya kukwangulia magome, panga, na kipande cha dumu la plastiki alichokikata tundu la mstatili katikati, ili kila alama itoke sawa na mwenzake. Anasugua gome, anabandika kipande chake, anapaka, anarudi hatua mbili nyuma na kutazama kwa jicho moja. Kanuni aliyojitungia ilikuwa moja tu: ukisimama penye alama hii, uione ile inayofuata. Alasiri akifika gatini humngoja mwenye boti, na jioni hurudishwa nyumbani kwa maji. Hivyo hivyo, mwezi kwa mwezi, mpaka jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho tu.

Tumseme kwa haki. Alikuwa mtu msafi, mchapakazi, asiyetia mkono kwenye cha mtu. Ila alikuwa mbishi. Alikuwa mbishi wa kuiambia saa ya ukutani kwamba imekosea, kisha akakaa akaisubiri ikubali.

Karatasi ile aliisomewa na mkuu wa ofisi, mwanamke kijana mwenye umri wa binti yake, ambaye alimwita mzee wangu na hakumwonea hata siku moja. Kule gatini kulikuwa kumefunguliwa nyumba ya wageni, na wageni wake walikuwa wameanza kuipita njia kutokea upande ule. Wanne kati yao walizunguka msituni mpaka chakula na maji vikawaishia.

“Mzee wangu, wanasema alama hazionekani.”

“Wana macho?”

“Wana macho, mzee.”

“Basi hawajui kuyatumia.”

Mkuu wa ofisi akacheka, kisha akaacha kucheka. “Wewe uliwahi kuipita kutokea kule?”

“Njia ni ile ile, mama. Haibadiliki eti kwa sababu mtu kaigeukia.”

“Nakubali. Lakini Alhamisi panda boti ya asubuhi, uanzie gatini, uje nayo mpaka hapa. Ukiniambia ni nzima, nitawajibu hao watu mimi mwenyewe na hiyo karatasi naichana.”

Akakubali kwa shingo upande. Alisaini kitabu cha kazi kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi.

Mkuu wa ofisi alidhani mzee anaona uchungu wa kazi yake, na kila fundi ana haki ya kuona uchungu wa kazi yake. Lakini hakujua kilichokuwa chini ya uchungu ule, na sisi lazima tukijue, la sivyo siku yenyewe haitaeleweka.

Ubishi wa Bwana Alama ulikuwa umemwachia nyumba ya vyumba vitatu na mtu mmoja ndani yake. Miaka kumi na mmoja nyuma, mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi kule gatini, alianguka akavunjika nyonga. Mkewe akaenda kumuuguza. Bwana Alama na mkewe waliitwa Baba na Mama Pilipili, kwa ajili ya binti yao wa pekee, ambaye tangu anaota meno alikuwa na ulimi wa kuchoma. Mwezi mmoja wa kuuguza ukawa minne. Bibi akaanza kutembea kwa fimbo. Mume akapiga simu kwamba sasa rudi nyumbani. Mke akasema boti imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, na barabara ya kuzunguka ziwa ni siku mbili na kubadilisha magari matatu.

“Tembea,” mume akasema. “Njia nimeichora mwenyewe. Hata kipofu atafika.”

Siku waliyopatana alifagia nyumba mpaka chini ya vitanda. Alipika, tena kwa kujitahidi, akavaa shati lililopigwa pasi, na tangu saa tisa alikuwa amekaa juu ya jiwe pale njia inapotokea msituni. Saa kumi, saa kumi na moja. Ndege wakarudi kulala. Giza lilipoingia akarudi ndani na kupiga simu, na mkewe akapokea akiwa kwa mama yake.

“Nilipotea, Baba Pilipili. Nimerudi sasa hivi, miguu haina hata kucha. Nilifika penye tanuri la chokaa, la zamani, mti umeota mdomoni mwake. Njia ikaishia hapo.”

Sasa, njia ile yeye aliijua kama kiganja chake, na hakukuwa na tanuri. Chakula kilikuwa kimepoa mezani, shati lilikuwa limejikunja mgongoni kwa kukaa, na aliona aibu kwa kungoja kote kule.

“Njia yangu haipotezi mtu,” akasema. “Sema hukutaka kuja.”

Simu ikakatwa upande wa pili, na tangu siku ile hakuna aliyeipiga tena. Boti ilipopona, ikafuata njia zake za kila siku, lakini maneno yalikuwa yamekwisha ganda. Bibi akafariki mwaka uliofuata. Mke akabaki katika nyumba ile na cherehani yake, akishonea watu. Hawakuachana, kwa sababu kuachana nako kunataka watu wawili wakae chini. Kila mwezi Bwana Alama alipofika gatini, alikaa nje ya kibanda cha tiketi, uso majini, mgongo kijijini. Wakikutana, husalimiana kama wagonjwa wawili kwenye benchi la zahanati.

Binti yao, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili na hakuwahi kulizunguka jambo. “Baba, mama hajui kudanganya. Akijaribu anacheka.”

“Mwulize tanuri liko wapi,” baba hujibu, na mazungumzo yakahamia kwenye hali ya hewa.

Basi unaona. Ikiwa wageni wale walikuwa mabwege tu, karatasi itachanwa na mambo yamekwisha. Lakini ikiwa njia inapoteza watu kutokea kule, basi mkewe alisema kweli, na ile miaka kumi na mmoja ya sahani moja, kikombe kimoja na redio ya kujisemesha, aliipika mwenyewe. Alilijua hilo tangu karatasi ilipokunjuliwa. Wiki nzima alilala macho wazi.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi boti ikamshusha gatini. Mwenye boti akamrushia begi lake na kumwambia, “Leo umeamka na mguu gani, Bwana Alama? Umeanza na mkia.” Akalibeba begi, akashika njia. Njia ya kutoka gatini hupita kichochoro cha mawe, na katika kichochoro hicho, mlango wa nne mkono wa kushoto, kipande cha juu cha mlango kilikuwa wazi na cherehani ilikuwa ikilia. Jioni, wakati wake wa siku zote, mlango huo huwa umefungwa. Akaongeza mwendo. Alipokuwa usawa wa mlango sauti ya cherehani ilikatika, kisha, alipokwisha pita, ikaendelea.

Mwisho wa kichochoro kuna ngazi za mawe za watu wa kale, zinazopanda mlima mpaka kwenye miti. Kwa miaka kumi na tisa Bwana Alama alizishuka akipiga mluzi, na wageni wakimuuliza huwaambia, “Ni vingazi vichache tu.” Leo alizipanda. Alipofika cha mia moja aliacha kupiga mluzi. Cha mia mbili, goti la kulia likaanza kuongea. Akahesabu vyote kwa hasira: mia tatu na kumi na viwili. Akaketi juu kabisa, kijasho kikimtiririka hadi kwenye masikio, ziwa likiwa chini limetulia tuli, na akawaza ni watu wangapi aliowadanganya kwa uso mkunjufu. Hata hivyo, akajiambia, ngazi si alama.

Saa tatu alifika kijiji cha maghala. Zamani wafanyabiashara walihifadhi nafaka na ngozi mle. Sasa maghala ni kuta nene zenye milango mikubwa isiyofungika, na kati yake kuna nyumba chache za watu na duka moja. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene wa kama miaka hamsini. Bwana Alama alimzoea sana. Kila mwezi hufika pale saa tisa alasiri, humkuta peke yake, kichwa kimelala juu ya kaunta, na wao wawili hunywa chai wakitazama barabara tupu bila kusema mengi. Alikuwa akimhurumia. Alikuwa akijiambia, huyu naye ni mpweke kama mimi, na mara nyingine, akirudi nyumbani, wazo hilo lilimfariji kidogo.

Leo duka lilikuwa limejaa. Wanawake walikaa juu ya magunia, wanaume wameegemea mlango, watoto wa shule wanagombania maandazi, na mwenye duka yuko katikati anasimulia kitu kwa mikono yote miwili huku watu wanashika mbavu. Alipomwona Bwana Alama aliikatiza hadithi.

“Makubwa! Wewe leo umetokea wapi?”

“Gatini.”

“Unatembea kinyumenyume? Subiri, nikimaliza na hawa nakupa chai.”

Akangoja. Watu walimsalimia vizuri, wakampisha kwenye gunia, kisha wakarudi kwenye hadithi yao, ambayo ilihusu mtu asiyemjua. Aliona kwamba huyu mwanamke huwa amelala saa tisa kwa sababu amechoka kwa kucheka. Amekuwa akimhurumia bure miaka yote hii. Akaweka gunia sawa, akaaga kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia, akaondoka bila chai.

Kutoka hapo njia inafuata ukingo wa ziwa, halafu inapanda kilima na kukatiza kijito mara mbili. Mvua za wiki ile zilikuwa zimefanya udongo uteleze kama sabuni, na alikwenda mikono chini kama mtoto anayejifunza. Mpaka hapa hakuwa ameangalia alama hata moja. Alikuwa akifuata miguu yake, na miguu yake haikuhitaji kuonyeshwa. Alijua kwamba huo ni wizi. Mkaguzi anayepita mahali kwa mazoea hajakagua kitu.

Saa tano alifika kijiji cha forodha, ambako haishi mtu tena. Limebaki jengo lenyewe la forodha, ukuta wake wa mbele na madirisha yanayoonyesha mbingu, na pete za chuma zilizofungiwa mitumbwi zamani. Alikula mkate na yai lake akiegemea ukuta. Mbele yake kulikuwa na sehemu ndefu kuliko zote, saa tano za msitu mtupu mpaka ofisini. Akafuta vidole, akafunga kamba za viatu upya, na akajisemesha kwa sauti, kama walivyo watu wanaoishi peke yao:

“Sasa wewe ni mgeni. Hujawahi kufika hapa. Nenda na alama tu.”

Akaingia msituni, akatafuta alama ya kwanza.

Miti ilikuwa mitupu. Magome ya kijivu, magome ya kahawia, utomvu, kuvu. Akaenda hatua hamsini, akaenda mia. Hakuna kitu. Akageuka nyuma, na hapo akaziona: moja, mbili, tatu, nyeupe pepepe, zimejipanga kwa usawa mmoja, kila moja ikiionyesha mwenzake. Zote zilitazama ofisini. Zote zilichorwa na mtu aliyekuwa anatoka upande mmoja, anasimama mbele ya mti, anapaka uso wa mti uliomkabili, anaridhika na kuendelea na safari. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuuzunguka mti hata mmoja aone mgongo wake.

Mtu mwingine angekaa chini palepale. Bwana Alama, kwa kuwa ni Bwana Alama, akasema, “Hiyo peke yake si kitu. Njia yenyewe inaonekana.” Akajiapiza asigeuke nyuma tena, akasonga mbele.

Na kweli njia ilionekana, kwa muda. Halafu ikagawanyika. Upande wa kulia palikuwa pana, pamekanyagwa na wakata kuni. Upande wa kushoto palikuwa pembamba, pameinamiwa na majani. Alisimama akikuna kidevu. Hakuwahi kupaona hapa. Alikuwa amepapita zaidi ya mara mia mbili na hakuwahi kupaona, maana akitokea ofisini njia ile ya wakata kuni hujiunga kwa nyuma yake, na nani anayeangalia kitu kinachojiunga kwa nyuma? Akatazama miti yote, mmoja mmoja. Mgeni angefanya nini? Mgeni mwenye akili timamu angefuata njia pana. Akafuata njia pana.

Ilishuka taratibu, ikaingia bondeni, ikakata kona mbili. Baada ya kama nusu saa ikaanza kupotea chini ya majani makavu, na kilichobaki ni nafasi tu kati ya miti, na kila nafasi ilifanana na njia. Jua halikufika chini. Hakusikia ndege wala maji. Aliita, “Oya!” bila kumwita mtu, na sauti ikaenda, isirudi. Hofu ya kitoto kabisa ikamwingia, yeye, mwenye njia. Akapenya kichaka kwa panga, akatokea mahali pa wazi, na hapo mbele yake palikuwa na tanuri.

Lilikuwa limejengwa kwa mawe, mviringo, urefu wa mtu na nusu, chini likiwa na tundu la kuchochea moto lililoungua likawa jeusi. Mawe ya chokaa ambayo hayakuchomwa yalikuwa bado yamelundikwa pembeni. Mdomoni mwake, juu, mti ulikuwa umeota, mizizi ikiwa imeyakumbatia mawe pande zote.

Akalizunguka. Akaweka kiganja juu ya jiwe. “Lipo,” akasema.

Kisha akakaa chini na kulia. Hakulia kiume, kwa kujificha na kukohoa; alilia kwa kamasi, kwa sauti, kama mtu aliyepokea habari ya msiba leo wakati mazishi yalikwisha zamani. Alimwona mkewe pale, peke yake, jua limeshapinda, viatu vimemwumiza, amefika penye tanuri, hajui kulia wala kushoto. Alimwona akirudi njia yote ile, giza likimkimbiza. Alimsikia akipokea simu. Na akajisikia yeye mwenyewe, shati la pasi mwilini, akisema maneno yale. Uchungu mkubwa haukuwa kwamba alikosea. Uchungu ulikuwa kwamba yale maneno yalikuwa mepesi hivyo kusema.

Saa saba ilikuwa imepita. Angetafuta ile njia panda, akashika upande mwembamba, angefika ofisini kabla ya jua kuzama, akaandika taarifa yake na kwenda kulala kwake. Goti lake lilitaka hivyo. Alikunywa maji yaliyobaki, akasimama, akapiga moyo konde na kugeuka kurudi gatini.

Safari ya kurudi ilimchoma kuliko ya kwenda, maana haikuwa na tatizo lolote. Alipoikuta njia tu, alama zikampokea. Kila mti ulimwonyesha mti mwingine. Zilimvusha kijito, zikamwonyesha jiwe lisiloteleza, zikamwelekeza ukingoni, hazikumwacha hata hatua kumi. Aliona kwamba alikuwa amefanya kazi nzuri sana, kazi ya mfano, ya kumfikisha mtu kijijini kwa mkewe. Na yeye mwenyewe, kila mwezi, aliletwa mpaka pale na alama hizo hizo, kisha akaketi gatini akiwa amekipa kijiji mgongo.

Katika kijiji cha maghala ilikuwa karibu saa kumi. Mwenye duka alikuwa peke yake, kichwa juu ya kaunta. Akafungua jicho moja.

“Umerudi tena? Chai?”

“Leo sina nafasi, dada yangu. Nina mtu wa kuonana naye.”

“Wewe?” Akainua kichwa chote. Kisha akaona uso wake, akaacha utani. “Haya, nenda. Shuka ngazi polepole, zina utelezi.”

Alizishuka kwa upande, mguu mmoja mmoja, ameshika ukuta. Saa kumi na moja na nusu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nne, matope mpaka kiunoni, majani kichwani, na boti iko gatini tayari imeshawasha injini. Alibisha hodi.

“Karibu, mlango haujafungwa.”

Mkewe alikuwa amekaa penye cherehani karibu na dirisha, akipinda ukingo wa sare ya shule. Nywele zilikuwa zimeota mvi nyingi kuliko alivyoziona pale gatini, ambako kwa kweli hakuwahi kumtazama vizuri. Chumba kilikuwa kidogo, safi, vipande vya vitambaa vimepangwa kwa rangi ndani ya maboksi. Alimtazama mumewe kutoka kichwani mpaka viatuni na hakuonyesha mshangao wowote.

“Baba Pilipili.”

“Mama Pilipili.” Akabaki mlangoni, hakutaka kuchafua sakafu. Hotuba aliyoitunga njiani, saa nne nzima, ilikuwa imemwishia yote. “Nimeliona tanuri.”

Mke akaondoa mguu kwenye kanyagio.

“Alama zimetazama upande mmoja tu,” mume akasema. “Kutoka huku huzioni. Pale njia panda nami nimepotea, mchana kweupe. Ulisema kweli. Nilikuita mwongo, na ulisema kweli. Nisamehe.”

Mkewe akaivuta sare kutoka chini ya sindano. Alichukua mkasi, akakata uzi, akauweka mkasi mahali pake.

“Umelipata tanuri,” akasema mwisho. “Kumbe bado lipo.”

“Lipo.”

“Mti wake umekuwa mkubwa?”

“Mkubwa sana.”

“Mara ya kwanza ulikuwa mwembamba kama mkono wangu. Mara ya pili ukawa umenenepa, nikashangaa unakunywa maji wapi.”

Bwana Alama akashika kizingiti. “Mara ya pili ipi?”

“Nimekuja mara tatu,” mkewe akasema, kwa sauti ile ile ambayo mtu hutajia vipimo vya nguo. “Ya kwanza nilikwambia. Baada ya majibu uliyonipa sikuona haja ya kukusumbua kwa hizo nyingine.”

“Lini?”

“Ya pili, mwaka ule mama alipofariki. Ya tatu, mwaka juzi.”

“Mwaka juzi!” Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyekanyaga moto. “Mwaka juzi boti ilikuwepo. Kila siku asubuhi boti ilikuwepo, mama! Kwa nini hukupanda boti?”

“Nilitaka nije kwa njia yako.” Alisema hivyo, kisha macho yakamjaa, na kwa mara ya kwanza akatazama pembeni. “Uliisifu mno. Nikasema labda kosa ni langu, sikuangalia vizuri. Nikasema safari hii nitaangalia vizuri.”

Huko chini boti ikapiga honi. Hakuna aliyegeuka.

“Nitaipaka upande wa pili,” Bwana Alama akasema. Alikuwa akilia tena na hakujali. “Kuanzia kesho. Kila mti. Sitabakiza hata mmoja. Halafu utakuja, utaona, hutapotea hata kwa—”

Mkewe akavuta kanga iliyomfunika magoti. Yalikuwa yamevimba yote mawili, yamefungwa bandeji za elastiki, na nyuma ya kiti, imeegemezwa ukutani, kulikuwa na fimbo aliyoiacha mama yake.

“Paka,” akamwambia kwa upole. “Wapo watakaopita.”